Chupa Nane Ndani ya Soksi

Jumatatu, 4 Machi

Mimi nina bahati ya kutisha. Siringi. Nasema tu, kama mtu mwingine anavyosema ana mguu mkubwa. Leo asubuhi meneja wa hoteli alituita wahudumu wote kumi na wawili ukumbini, akatangaza shindano. Wakulima saba wa zabibu wataleta mvinyo wao mwekundu, chupa moja moja. Utakaoshinda ndio utakaokuwa mvinyo wa hoteli, kila meza, kila siku, mwaka mzima. Majaji ni wanne. Meneja mwenyewe. Bibi mmoja mwonjaji wa tangu zamani, ambaye nasikia aliwahi kumliza mpishi kwa kukunja pua tu. Suti, kwa sababu ana cheti. Na mmoja kati yetu kumi na wawili, kwa kura.

Majina yakatiwa kwenye bakuli la saladi. Meneja akafumba macho, akazamisha mkono, akatoa kikaratasi. Jina langu! Mkono wa kwanza tu! Wenzangu kumi na mmoja wakaguna. Nikawaambia wasininunie mimi, wainunie nyota yangu, ndivyo ilivyo tangu nizaliwe.

Suti hakupiga makofi. Huyu ni mhudumu wa mvinyo kama mimi, ila alikwenda kusomea wiki tatu na tangu arudi hajavua koti la suti. Ndiyo maana tunamwita hivyo. Mimi pia nimesoma. Kozi ya siku mbili. Siku ya pili niliondoka wakati wa chakula cha mchana kwa kuwa nilishaelewa.

Sasa siri, na iishie humu ndani. Mmoja wa wale wakulima saba ni dada yangu. Tumbo moja, yeye mkubwa, mimi mdogo. Hotelini hakuna anayejua. Wala sina mpango wa kuwachosha kwa habari za ukoo wangu.

Jumanne, 5 Machi

Siku yangu ya mapumziko. Nikaenda kwa Dada kumpelekea habari njema.

Nilimkuta mizabibuni, mkasi mkononi, anaongea na mashina kama mtu anayeamsha watoto wa shule. Miaka sita sasa. Shamba aliliacha mama, la familia nzima, lakini anayelitolea jasho ni yeye peke yake. Mikono yake imekuwa kama gome.

Mjomba naye alikuwepo. Mjomba ndiye msimamizi wa shamba, na anataka mizabibu ing'olewe ajenge vyumba vya kupangisha. Kamba ya kupimia anayo shingoni. Vigingi ameshavichonga. Kimoja amekichomeka katikati kabisa ya mstari wa kwanza! Nikamuuliza, Mjomba, hata kusubiri? Akasema anasubiri: amempa Dada mpaka Jumamosi, siku ya shindano. Hoteli ikiuchukua mvinyo wake, mizabibu itabaki na yeye hatatia neno. Isipouchukua, Jumapili asubuhi ni jembe. Na jembe alinionyesha.

Mjomba alipokwenda kunywa maji nikamnong'oneza Dada asitie shaka, mezani ana mtu. Akaniambia hataki mtu mezani, anataka mvinyo wake uonjwe kwa haki. Dada yangu anasema vizuri, lakini dunia hii haijui. Nikampa wazo: atumbukize karafuu moja chupani, mimi nitaisikia, nitajua ni wake, mengine aniachie. Akashika fagio. Nikalifuta wazo.

Basi akanipa chupa moja tu, niuzoee. Nionje kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, siku nne, mpaka ulimi uukariri kama wimbo wa shule. Nikaapa.

Njiani nikakutana na fundi baiskeli na kinyozi wamekaa kwenye benchi. Wakauliza nimebeba nini. Sasa mtu mzima anywe peke yake, wenzake wanameza mate? Mama hakunilea hivyo. Nikaita na fundi viatu. Kwa dakika kumi chupa ikawa imekwisha, na mimi nimenaswa kidole gumba kwenye lile shimo la kitako chake, maana Dada anatumia zile chupa nene za kizamani zenye shimo refu chini. Kinyozi akanichomoa kwa sabuni.

Nikiulizwa ladha ya mvinyo wa Dada, ninayo. Ni mwekundu.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya ushindi. Mchana akaingia mteja mwenye miwani na mkewe, wakaagiza chupa nzuri. Nikaja nayo, kitambaa mkononi, nikaisifia, nikazungusha kizibuo. Kizibo kikakatika. Nusu juu, nusu chini, na makombo yanaogelea ndani kama mende.

Mwingine angetetemeka. Mimi nikaomba radhi, nikageuka nyuma ya nguzo, nikauchuja kwa kichujio cha chai. Nikarudi nikawaambia mvinyo huu sharti uchujwe mara moja na mhudumu mwenye mkono mwepesi, vinginevyo unakasirika. Mteja akaonja, akafumba macho. Akasema anausikia kabisa umetulia! Mkewe naye akasikia. Meza ya pili wakauliza kwa nini wao hawakuchujiwa. Kufika saa nane nilikuwa nimechuja nusu ya ukumbi.

Ndipo Meneja akatoka jikoni na kikombe, majani ya chai yamemganda mdomoni, akauliza kichujio kiko wapi. Suti akaninyooshea kidole bila hata kuulizwa. Akasema katika kozi yao hakuna kitu kama hicho. Nikamwambia pole, labda wangefika huko wiki ya nne.

Lakini nimevuna jambo kubwa leo. Watu hawaonji mvinyo. Wanaonja sauti ya anayeumimina. Jumamosi nitasema kwa sauti.

Alhamisi, 7 Machi

Pigo. Bibi amepiga simu na masharti yake. Meneja ametusomea.

Kwanza, kila chupa ivishwe soksi ndefu ya mpira wa miguu, mtu asione umbo wala lebo. Pili, chupa zisiwe na namba yoyote. Bibi mwenyewe atamwelekeza mtu wa kumimina, nyuma ya pazia, dakika ya mwisho, na namba zitakuwa kwenye glasi. Yaani hata nikiijua chupa ya Dada, sitajua imeingia glasi ipi. Bibi huyu ameishi na wezi!

Suti akatabasamu, akasema kwa mwonjaji wa kweli hayo si kitu, ulimi wake utazitenga chupa saba kama mtu anayetenga shati na suruali. Nikamwambia na wangu pia. Kisha nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma nikashika kichwa.

Dakika ishirini. Halafu likaja. Baridi!

Nieleze, maana baadaye nitapenda kulisoma tena. Mvinyo mwekundu hauwekwi kwenye friji. Unakaa kivulini tu, kwa ubaridi wa chumba. Hilo hata katika kozi ya siku moja na nusu wanafundisha. Basi Jumamosi asubuhi naitia chupa ya Dada kwenye friji, peke yake. Saa nne glasi zinakuja mezani, zote za kawaida, moja baridi. Naishika: huyu hapa Dada! Pua inaweza kudanganywa, ulimi unaweza kulewa, lakini vidole? Na chupa nitaijua kwa lile shimo la kitako. Kidole gumba changu kinalikumbuka.

Nikatoka pale ngazini natembea kama mwenye hoteli.

Ijumaa, 8 Machi

Chupa zimefika. Meneja amezivisha soksi ofisini, mlango umefungwa, kisha akazikabidhi stoo.

Stoo ni ufalme wa Mama Stoo. Mwanamke mmoja mnyoofu hata anaudhi. Kitu kikikosea mstari kwenye rafu, hapati usingizi. Anaomba radhi kwa chumvi akiihamisha. Nikamwambia nitahitaji kuingia kesho saa moja kuhesabu glasi za majaji. Akafurahi, akasema afadhali nimekuwa mtu wa kujali mambo, baba, mwanzo alikuwa ananidhania vingine.

Nyuma ya jiko nikamkuta Suti anafanya mazoezi ya kutema. Ndoo ameiweka hatua tatu, anavuta maji mdomoni, anatema. Ananieleza kwamba jaji hamezi, jaji anaonja na kutema, la sivyo kufika glasi ya tano anaonja ulevi wake mwenyewe. Viatu vyake vilikuwa vimelowa.

Sikubishana. Lakini mimi nilifundwa. Siwezi kutema mate mbele ya mwanamke anayeweza kunizaa mara mbili. Nitameza kwa heshima.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika alasiri, kichwa kimekuwa gunia la chumvi. Nianze mwanzo.

Saa moja, nimo stoo. Mama Stoo yuko nje anafagia ngazi. Chupa zimesimama rafuni, kila moja na soksi yake, kama timu inayosubiri filimbi. Nikazihesabu: nane. Wakulima saba, chupa nane! Meneja huyu, hesabu zake ni za kukadiria. Sikuwa na nafasi ya kumsahihisha. Nikaanza kupima vitako kwa kidole gumba, juu ya soksi. Ya kwanza bapa. Ya pili kijishimo cha kuzugia. Ya tano kidole kikazama mpaka kiungo cha pili. Karibu, Dada! Nikailaza kwenye friji nyuma ya maziwa, nikatoka napiga mluzi.

Saa nne tumekaa. Meza ndefu, kitambaa cheupe, kila mtu na ndoo yake ya kutemea. Kwenye dirisha la ua nikamwona Dada amesimama na wakulima wenzake, kitambaa kipya kichwani, mikono ameificha nyuma. Mjomba kando yake, jembe begani. Jembe hotelini!

Bibi akaingia. Mfupi, mkongojo, sweta la kijivu. Tukamwamkia watatu, akaitikia marahaba moja, tukagawana. Akasema kazi ni nyepesi: onja, tema, andika kwa wino, funga mdomo. Alama ni juu ya ishirini. Akaenda nyuma ya pazia na Mama Stoo kupanga glasi, akarudi akakaa.

Glasi namba moja. Nikaishika. Baridi! Baridi hasa, kioo kinatoka jasho! Dada yangu, wa kwanza mlangoni! Nikaonja. Ulikuwa na uchachu, na kitu kwa mbali kama sufuria. Nikajiambia, hiyo ndiyo harufu ya nyumbani kwetu. Machozi yakanilengalenga. Nikaandika kumi na tisa. Ishirini ingetia watu shaka.

Sehemu ya kufunga mdomo niliisahau. Nikasimama. Nikawaambia majaji wenzangu kwamba huu ni mvinyo wenye subira, mvinyo uliokaa na kufikiri, mtu akiufumbia macho anamwona mama yake jikoni. Kwa sauti! Meneja akaguna kwa kukubali na kuongeza alama. Suti akanitazama kama anayemtazama mtu anakula sabuni. Bibi alikuwa kainamia kazi yake. Glasi yake alikuwa ameifumbata kwa viganja viwili, kama ameokota kifaranga, na bado hajaonja.

Glasi namba mbili. Nikaishika. Baridi.

Nikaiachia. Nikapuliza vidole. Nikaishika tena. Baridi ileile.

Namba tatu, baridi. Namba nne, nikadhani inanicheka. Nikaomba ruhusa ya kwenda msalani, nikapitia nyuma ya pazia. Mama Stoo akanipokea kwa furaha. Akanieleza kwamba saa mbili alikuta chupa moja kwenye friji, amelala huko peke yake maskini, akadhani ni agizo la Meneja, limetekelezwa nusu. Haki iko wapi mmoja astareheshwe na saba wabaki na joto? Wote si wageni? Basi akazitia zote. "Umeona zilivyopoa, baba?" Nikamshukuru. Kwake yeye hata chupa zina haki sawa.

Nikarudi mezani. Hapo ndipo inapoonekana tofauti ya mtu na mtu. Mwingine angezimia. Mimi nikapiga hesabu. Namba moja nimeshaipa kumi na tisa kwa wino, nimeshaihubiria, na ilikuja ya kwanza, na ilikuwa baridi kweli. Kwa hiyo ni ya Dada. Lazima iwe. Basi kazi iliyobaki ni kuwafyeka wengine wote, njia yake iwe nyeupe. Namba mbili nikaipa tano. Namba tatu nikaipa nne. Namba nne nikaipa saba, kwa kuwa nilikuwa bado na huruma. Namba tano nikaipa tatu. Zote nikazimeza kwa heshima.

Namba sita ikanishtua. Nikaishika muda mrefu kwa kuwa mkono ulikuwa umechoka kuiinua, nikaonja, na ilikuwa tamu. Simaanishi sukari. Tamu ya kukufanya ukae sawasawa kwenye kiti. Nikaogopa kwelikweli. Huyu ndiye adui wa Dada! Huyu ndiye atakayemng'olea mizabibu! Nikampa mbili, na kwenye nafasi ya maelezo nikaandika, na nikayasoma kwa sauti wenzangu wanufaike, kwamba unanuka mbwa aliyelowa mvua akalala juu ya viatu. Suti akadondosha kalamu. Bibi akanitazama kwa mara ya kwanza, sana, kisha akaandika kitu.

Saba na nane nilizipa, nadhani, moja moja. Mistari ya karatasi ilikuwa imeanza kutembea.

Bibi akakusanya karatasi. Akauliza ni nani aliyeipa namba moja kumi na tisa. Nikasimama, nikashika meza, nikainama kidogo kama msanii. Akasema vizuri, nikae. Namba moja, akasema, ni mvinyo wa kupikia. Jana alimwomba mpishi wa hapahapa auvishe soksi na kuupeleka stoo pamoja na zile saba; ulikuwa umekaa wazi kando ya jiko tangu juma lililopita. Kila shindano analosimamia huingiza mmoja wa namna hiyo, apime majaji kabla ya kupima mvinyo. Meneja aliipa tisa, ameponea chupuchupu. Suti aliipa mbili. Jaji anayeuvusha mvinyo wa kupikia kumi, karatasi yake haisomwi.

Akaichana yangu. Mara moja. Kisha akaziweka nusu mbili pamoja akazichana tena. Polepole, hana hasira hata chembe, hapo ndipo palipouma.

Zikasomwa za majaji watatu. Wa kwanza, namba sita. Wa pili, namba nne, kwa tofauti ya alama tatu. Akaagiza chupa ya namba sita iletwe, akaivuta soksi kama anayemvua mtoto, akaipindua. Shimo refu kitakoni. Lebo ya Dada, aliyoichora kwa mkono wake.

Nilipiga hesabu kwa vidole chini ya meza. Mimi niliipa namba nne alama saba, Dada alama mbili. Karatasi yangu ingesomwa, Dada angeshindwa kwa alama mbili. Nilirudia mara tatu. Mbili.

Bibi akauliza ni mtu gani mwenye akili timamu aliyetia mvinyo mwekundu kwenye friji. Baridi huufunga mdomo, akasema, ndiyo maana yeye alikuwa anazipasha glasi viganjani na Suti akamwiga. Bila hivyo huu wa sita usingesema neno. Mama Stoo akajibu kwamba alikuta mmoja umeshawekwa. Macho yote yakaenda kwa Suti. Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa namtazama.

Dada akaitwa. Akaambiwa. Alikaa chini, palepale sakafuni, akafunika uso na ile mikono yake ya gome, mabega yakaanza kwenda juu na chini. Kisha akainuka akanikumbatia mbele ya hoteli nzima. Mdogo wangu, akasema, mdogo wangu, ulisema nina mtu mezani, nikakushikia fagio.

Nikamwambia si kitu, Dada. Na kwa kweli, ukiangalia vizuri, mpango umefaulu. Umeingilia mlango wa nyuma tu.

Mjomba akaomba glasi. Akanywa, akaomba ya pili. Akasema vyumba vya kupangisha vina usumbufu mwingi, yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi navyo. Jembe akaliegemeza kwenye ukuta wa mapokezi, nadhani bado liko.

Jumapili, 10 Machi

Suti ni nyoka. Nyoka mwenye tai.

Saa tatu asubuhi Dada amebisha mlango. Nikamkaribisha chai. Hakukaa. Akatoa mfukoni karatasi iliyounganishwa kwa gundi, vipande vinne. Suti alivikusanya mezani jana, akavipanga, akavigandisha, akampelekea nyumbani, koti lake mwilini. Akasema alidhani mshindi angependa kumbukumbu ya ndugu yake.

Dada akasoma kwa sauti, pole kwa pole, kama barua ya serikali. Namba sita. Mbili. Unanuka mbwa. Akanitazama. "Mbwa gani huyo, mdogo wangu? Nimjue hata jina."

Nikamweleza yote. Friji, vidole, Mama Stoo na haki zake, kumi na tisa iliyoandikwa kwa wino. Nikamweleza kwamba nilimchinja yule wa sita kwa sababu ulikuwa mzuri kuliko yote, na nilikuwa nampigania yeye. Akasema, "Kwa hiyo ulinipiga kwa ajili yangu." Nikasema ndiyo, Dada, ukiisema hivyo.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea fremu ya mlango, mimi nikaona yameisha, nikacheka pia. Halafu akafuta macho, akauliza jambo moja tu: Nilikupa chupa siku nne ukae nayo. Hukunijua?

Nilikuwa na majibu mengi. Nina majibu siku zote. Safari hii nikatoa la kweli. Nikamwambia chupa ile niliimaliza kwa dakika kumi na fundi baiskeli.

Dada akakunja ile karatasi, akairudisha mfukoni. Akatoa hukumu. Msimu huu wa mavuno nitabeba makreti, kila siku yangu ya mapumziko, kuanzia alfajiri, bila kuonja hata punje. Na niape, mkono juu, kwamba sitakaa tena kwenye meza ya majaji wa kitu chochote kinachoingia mdomoni. Nikaapa. Mkono wa kulia, macho makavu. Nilikuwa namaanisha kila neno.

Alipofika getini akageuka. Akasema wakati wa mavuno nije na fundi baiskeli wangu, nasikia yeye aliupenda.

Jumatatu, 11 Machi

Suti amepewa usimamizi wa mvinyo wote wa hoteli. Mimi nimepewa meza za maji. Sawa. Kumimina maji pia kuna ufundi wake. Kwenye meza namba tatu nimewaambia haya yametulizwa kwa saa kumi na mbili kwenye jagi la kioo, mzee mmoja akaomba kunusishwa kwanza.

Saa tano Meneja akatuita ukumbini. Hoteli inatafuta asali ya kuweka kwenye meza za asubuhi. Wafugaji nyuki tisa wataleta vikopo vyao. Shindano tena, majaji wanne, na mmoja wetu kwa kura.

Nilikumbuka kiapo. Nilikikumbuka vizuri, mtu asinisingizie. Lakini nimekitafakari tangu saa tano hadi saa sita, na naona Dada alizungumzia kitu kinachoingia mdomoni. Asali jaji hunusa kwanza. Huitazama kwenye mwanga. Huidondosha kwa kijiko. Ikifika mdomoni kazi kubwa imeshakwisha. Tena kuna mfugaji mmoja kati ya wale tisa, binti wa fundi viatu, mwenye mizinga mitatu na hana mtu mezani. Nitamwacha hivihivi?

Nikanyoosha mkono, nikamwambia Meneja aniachie mimi shida ya kukata vikaratasi na kuandika majina, yeye apumzike. Akanishukuru. Akawaambia wenzangu waige mfano, kwamba mara iliyopita pia ni mimi niliyejitolea.

Mkasi ninao. Kalamu ninayo. Na kwa kuwa daftari halina mdomo, niseme wazi: ile nyota yangu ya bakuli la saladi ni uongo. Vikaratasi vyote kumi na viwili niliviandika mimi, na vyote vilikuwa na jina langu.